Namba moja duniani: namna ya kupima tangazo la injini ya chesi kabla hujatoa pesa

Tangazo linasema programu hii ya chesi ina nguvu kuliko zote duniani. Imeandikwa Elo, yaani alama ya nguvu ya mchezaji, 3600 na kitu kwa herufi kubwa, na chini kabisa ipo bei. Sentensi hiyo yaweza kuwa kweli au uongo, lakini mara nyingi ni sentensi iliyokatwa katikati. Nusu iliyoachwa ndiyo yenye habari: imeishinda injini ipi (yaani programu ipi ya kucheza chesi), toleo gani, kwenye kompyuta ya aina gani, kwa muda gani wa kufikiri, kuanzia funguzi zipi, yaani hatua zipi za mwanzo, na kwa michezo mingapi. Bila nusu hiyo, hakuna mtu awezaye kukubali wala kukanusha. Bahati nzuri, mwenye kompyuta mpakato ya kawaida, yenye viini vinne vya prosesa na RAM ya GB 8, anaweza kuipima mwenyewe kwa usiku mmoja bila gharama.

Jambo la kwanza la kushika ni mpinzani halali. Stockfish ni injini ya bure, iliyoandikwa na watu wanaojitolea kutoka nchi nyingi, na msimbo wake uko wazi kwa leseni ya programu huria iitwayo GPL. Tangu msimu wa 18 wa mashindano ya injini yaitwayo TCEC, mwaka 2020, imeshinda fainali kuu nyingi mfululizo. Kwa hiyo anayejiita namba moja anasema, atake asitake, kwamba ameishinda Stockfish ya karibuni. Akionyesha ushindi dhidi ya toleo la miaka mitatu nyuma, amemshinda babu wa bingwa. Kati ya toleo na toleo nguvu hupanda sana. Stockfish 12 ya Septemba 2020, kwa mfano, ndiyo iliyoingiza mtandao wa neva uitwao NNUE, wazo la Yu Nasu aliyelibuni kwa ajili ya mchezo wa shogi wa Japani, na pengo kati yake na toleo la 11 lilikuwa kubwa.

Soma tangazo kwa kalamu mkononi

Anza na Elo. Namba hii haina maana ikisimama peke yake, kwa sababu hupima tofauti kati ya wachezaji waliocheza katika kundi moja. Elo ya juu kabisa ya bingwa Magnus Carlsen kwa FIDE, shirikisho la chesi duniani, ilikuwa 2882, Mei 2014. Injini inayoandikiwa 3600 katika CCRL, moja ya orodha zinazopanga injini kwa nguvu, haikuipata namba hiyo kwa kucheza na binadamu. Ilicheza na injini nyingine, kwa kipimo ambacho watunza orodha wenyewe walichagua kianzie wapi. Orodha nyingine, CEGT, ina kipimo chake. Hata ndani ya CCRL kuna orodha ya hatua 40 kwa dakika 15 na orodha ya mchezo wa haraka wa dakika 2 na sekunde 1 kwa kila hatua, na injini moja huwa na namba tofauti katika kila orodha. Tangazo linalotaja Elo bila kutaja orodha, muda na idadi ya viini vya prosesa, chora mstari chini yake. Halijasema kitu.

Kinachosomeka ni tofauti kati ya Elo mbili. Tofauti ya Elo 7 ni kupata asilimia 51 ya pointi. Elo 35 ni asilimia 55, Elo 70 ni asilimia 60, na Elo 100 ni asilimia 64. Muuzaji akisema injini yake inaizidi Stockfish kwa Elo 10, anasema kwamba katika michezo 100 atapata pointi kama 51 na nusu. Kwa mtu anayechambua michezo yake ya klabu, tofauti hiyo haionekani kwa macho.

Kina cha utafutaji, yaani ile namba ya "kina 40" inayodai injini imetazama hatua ngapi mbele, kiache kabisa. Kila injini hukata matawi, yaani huacha njia isizoona za maana, kwa namna yake, na kina 30 cha moja chaweza kuwa kimeona zaidi ya kina 40 cha nyingine. Hesabu ya mikao, yaani mipangilio ya vipande ubaoni, kwa sekunde nayo ni hivyohivyo. Katika pambano la mwaka 2017, AlphaZero, injini ya kampuni ya DeepMind, ilikuwa ikipima mikao kama 80,000 kwa sekunde na Stockfish milioni 70, na iliyoshinda ni ile ya 80,000. Mafumbo pia yana mtego wake. Kutatua fumbo la kutoa kafara malkia ni kazi moja, na kulinda mkao mbovu kwa hatua 60 ni kazi nyingine, tena mikao ya mafumbo maarufu inajulikana na injini inaweza kurekebishwa mpaka iyatatue yote.

Hesabu ya dakika moja

Hii ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote, na haihitaji programu yoyote. Chukua idadi ya michezo iliyoshinda, toa idadi iliyoshindwa. Hiyo ndiyo tofauti. Kisha jumlisha walioshinda na walioshindwa, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, zidisha kwa 2. Huo ndio mpaka wa bahati. Tofauti ikiwa chini ya mpaka, matokeo hayathibitishi kwamba upande mmoja una nguvu zaidi. Sare haziingii katika hesabu hii.

Tuseme tangazo linajivunia pambano la michezo 10: ushindi 3, sare 6, kushindwa 1. Tofauti ni 2. Jumla ya michezo yenye mshindi ni 4, kipeuo chake ni 2, mara 2 ni 4. Mbili ni ndogo kuliko nne, hakuna kilichothibitishwa. Ungerusha sarafu ukapata vilevile.

Sasa lipime kombe la kweli kwa fimbo hiyohiyo. Fainali kuu ya TCEC msimu wa 15, mwaka 2019, injini nyingine ya bure, Leela Chess Zero, iliishinda Stockfish kwa pointi 53.5 kwa 46.5: ushindi 14, kushindwa 7, sare 79. Tofauti ni 7. Kipeuo cha 21 ni kama 4.6, mara 2 ni 9.2. Leela ilistahili kombe, kwa kuwa kombe hutolewa kwa pointi. Lakini mtu asingeweza kuandika kwenye tangazo, kwa kutegemea michezo hiyo 100 pekee, kwamba imethibitika kuwa na nguvu zaidi. Ikiwa michezo 100 kwenye mashine kubwa haitoshi, michezo 10 ya muuzaji itatosha vipi?

Hesabu ikikaa sawa, tazama masharti

Desemba 2017 DeepMind walitangaza kwamba AlphaZero imecheza michezo 100 na Stockfish 8, ikashinda 28, sare 72, haikushindwa hata mmoja. Kwa kanuni yetu, tofauti ni 28 na mpaka ni kama 10.6. Hesabu inapita bila shida. Malalamiko yalihusu masharti. Stockfish 8 ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Ilipewa nyuzi 64 za kazi lakini Hash ya GB 1 tu, yaani kumbukumbu ya mikao iliyokwisha kupimwa. Muda ulikuwa dakika moja kamili kwa kila hatua, kwa hiyo ule ujuzi wake wa kugawa muda, kutumia mrefu palipo pagumu na mfupi palipo wazi, haukuwa na kazi. AlphaZero ilikaa kwenye TPU 4, prosesa maalumu za Google za akili bandia, ambazo mtu wa kawaida hazipati dukani. Na ile habari iliyozunguka magazetini, kwamba ilijifunza kwa saa 4 tu, iliacha kusema kwamba michezo ya kujifunzia ilizalishwa na TPU 5,000 kwa pamoja.

Waandishi wenyewe walirudi mwaka 2018 kwa michezo 1,000, muda wa saa 3 na sekunde 15 kwa hatua, Stockfish ikiwa na viini 44 na Hash ya GB 32. AlphaZero ilishinda 155 na kushindwa 6. Dai likawa na miguu. Hivyo ndivyo inavyopaswa: masharti yakilalamikiwa, rudia kwa masharti bora na uweke kila kitu wazi.

Kwa mnunuzi, somo liko kwenye vifaa. Injini za jamii ya Leela hutaka kadi ya grafiksi yenye nguvu. Ukiiendesha kwenye prosesa peke yake, nguvu yake hushuka vibaya. Namba iliyopatikana kwenye kadi ya bei ya pikipiki haitahamia kwenye kompyuta yako kwa sababu umenunua leseni.

Ni injini mpya, au Stockfish iliyovaa kanzu nyingine?

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. GPL inaruhusu mtu kuuza Stockfish. Hilo ni halali kabisa, na wanaolalamika kuhusu kuuzwa tu wanakosea. Leseni inachotaka ni kwamba unayemuuzia umwambie ni kazi ya nani, umpe leseni, na umpe msimbo au njia ya kuupata pamoja na mabadiliko yako. Februari 2021 kampuni ya Kijerumani ChessBase ilitoa Fat Fritz 2 kwa yuro 99.90. Ndani yake ilikuwa Stockfish, yenye mtandao wa neva mwingine mkubwa zaidi na mabadiliko machache. Timu ya Stockfish ilipinga hadharani kwamba matangazo yalidai upya ambao haukuwapo. Julai 2021 walifungua kesi Munich, wakidai leseni imevunjwa, na Novemba 2022 pande mbili zikafikia makubaliano. ChessBase iliacha kuuza Fat Fritz 2 na injini nyingine, Houdini 6. Kabla ya hapo, Juni 2011, chama cha michezo ya kompyuta, ICGA, kilikuwa kimeinyang'anya injini ya Rybka mataji ya dunia ya 2007 hadi 2010 kwa hoja kwamba ilinakili kutoka injini za Fruit na Crafty. Upande wa pili, injini za kulipia zenye msimbo wake zenyewe zipo. Komodo ni mfano. Kwa hiyo usimhukumu muuzaji kwa bei, fungua programu uone.

Fungua injini kwenye dirisha la amri, andika uci kisha bonyeza Enter. Itajibu jina, waandishi, na orodha ya chaguo. Fungua Stockfish ya bure pembeni ufanye vilevile. Orodha mbili zikifanana mstari kwa mstari, pamoja na majina kama Move Overhead, nodestime, SyzygyProbeDepth na EvalFile kwa mpangilio uleule, umeshapata dalili nzito. Kisha andika bench katika zote mbili. Stockfish hupima mikao maalumu na kutoa namba ya jumla ya mikao iliyotafutwa. Namba hiyo ni alama ya kidole ya toleo: haibadiliki kwa kubadilisha kompyuta, hubadilika tu msimbo au mtandao ukibadilishwa. Ikiwa injini ya kulipia inatoa namba sawa kabisa na toleo fulani la Stockfish, umenunua Stockfish.

Mtandao ukiwa umebadilishwa, namba hazitalingana. Hapo, kwa Linux, andika strings jina_la_faili | grep nnue uone majina ya mitandao yaliyobaki ndani. Usiegemee kulinganisha hatua zinazochaguliwa. Injini zote kubwa hukubaliana katika mikao mingi kwa sababu hatua nzuri ni ile moja, na kukubaliana huko si wizi.

Pambano la usiku mmoja

Unahitaji vitu vitatu: injini mbili na programu ya kusimamia michezo. Stockfish ichukue kwenye tovuti yake yenyewe, stockfishchess.org. Kwa prosesa za miaka ya karibuni chagua faili ya avx2 au bmi2. Ukipewa zote mbili, endesha bench kila moja na uchukue yenye mikao mingi zaidi kwa sekunde. Usimpe mpinzani faili ya kizamani huku mgeni akitumia ya kisasa, maana kasi pekee yaweza kuleta Elo nyingi kuliko tofauti yote inayotangazwa. Msimamizi ni cutechess-cli, ya bure. Faili ya funguzi ipate kwenye hazina ya vitabu vya timu ya Stockfish huko GitHub.

Funguzi ni lazima, na sababu zake ni mbili. Injini yenye uzi mmoja ikianza mkao uleule kwa masharti yaleyale huelekea kurudia mchezo uleule, kwa hiyo michezo 500 kutoka mwanzo wa kawaida haina habari ya michezo 500. Tena, kutoka mwanzo wa kawaida injini hizi hutoka sare karibu kila mara. Ndiyo maana wapimaji hutumia funguzi za UHO, ambazo upande mmoja tayari umeelemewa kidogo, na kila ufunguzi huchezwa mara mbili kwa kubadilishana rangi. Anayetoa ufunguzi wa UHO mara moja tu ameharibu kila kitu.

Weka faili zote kwenye folda moja, kisha andika kwa mstari mmoja:

cutechess-cli -engine name=Mpya cmd=./mpya -engine name=SF cmd=./stockfish -each proto=uci tc=60+0.6 option.Threads=1 option.Hash=128 -openings file=UHO_Lichess_4852_v1.epd format=epd order=random -games 2 -rounds 250 -repeat -concurrency 3 -recover -pgnout matokeo.pgn

Maana yake: sekunde 60 kwa kila upande na nyongeza ya sekunde 0.6 kwa hatua, uzi mmoja, Hash ya MB 128, jozi 250 yaani michezo 500, mitatu kwa wakati mmoja. Mchezo mmoja huchukua kama dakika 3 na nusu, hivyo michezo 500 humalizika kwa saa 9 au 10. Kumbukumbu itakayotumika kwa Hash ni MB 128 mara injini 6, yaani MB 768. Kwenye Windows ongeza .exe kwenye majina na uondoe ./ mbele yake. Umeme ukikatika usiku, kila mchezo uliokwisha tayari umeandikwa kwenye matokeo.pgn, na unapoteza ile mitatu tu iliyokuwa ikiendelea.

Ukiwa na haraka, tc=10+0.1 hukupa michezo 1,000 kwa saa 3 hivi. Matokeo ya muda mfupi si lazima yafuate katika muda mrefu, basi yaandike kama yalivyo.

Yanayoharibu pambano

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuacha mpangilio wa kiwandani. Hash ya Stockfish usipoigusa ni MB 16 na Threads ni 1. Programu nyingine za kulipia hujipa viini vyote na kumbukumbu kubwa papo hapo. Mtu akiziweka uso kwa uso bila kugusa kitu, anapima mipangilio, hapimi injini. Mstari wa -each hapo juu unaziba tundu hilo, ila hakikisha injini ngeni inatumia majina hayohayo ya chaguo. Kama ina OwnBook, yaani kitabu chake cha funguzi, izime kwa kuongeza option.OwnBook=false ndani ya sehemu yake ya -engine.

La pili ni kujaza kompyuta. Viini vinne vikionekana kama vinane kwenye orodha ya mfumo, vinavyofanya kazi kwa kweli ni vinne. Ukiweka -concurrency 8, injini zitanyang'anyana prosesa na kuanza kupoteza kwa saa. Acha kiini kimoja kwa ajili ya mfumo. Chomeka chaja, maana kwenye betri mashine hupunguza kasi yenyewe. Inua kompyuta mpakato kwa vitabu viwili hewa ipite chini, zima masasisho, na usifungue video.

Asubuhi, kabla hujatazama nani kashinda, andika, kwa Linux, grep -c "time forfeit" matokeo.pgn. Hiyo inahesabu michezo iliyopotea kwa muda. Ikizidi 5 katika 500, tupa pambano zima, punguza -concurrency na uanze upya. Kuitupa michezo ile tu na kubakiza mingine hakufai, kwa sababu mashine iliyokwama kwa mchezo mmoja ilikuwa imekwama kwa jirani zake pia.

La tatu ni la mkono wa binadamu, na ndilo gumu. Amua idadi ya michezo kabla ya kuanza, na usisimamishe pale upande unaoupenda unapoongoza. Mwamba ngoma huvutia kwake: anayepima bidhaa yake mara 20 na kutangaza jaribio lililompendeza anaweza kupata ushindi wa bahati hata injini zikiwa sawa kabisa. Ule mpaka wetu wa bahati huvukwa kwa bahati tupu karibu mara moja katika majaribio 20.

Kusoma jibu

Tuseme asubuhi umekuta ushindi 96, kushindwa 64, sare 340. Tofauti ni 32. Jumla ya yenye mshindi ni 160, kipeuo chake ni kama 12.6, mara 2 ni 25. Thelathini na mbili inavuka, kwa hiyo injini ngeni ina nguvu zaidi katika masharti haya. Kwa kiasi gani? Pointi ni 266 kati ya 500, asilimia 53.2, yaani kama Elo 22, na ukweli unaweza kuwa popote kati ya Elo 5 na 40 hivi. Muuzaji akiwa ametangaza Elo 100, tangazo limezidisha ingawa injini ni nzuri kweli. Mwambie hivyo kwa haki, yote mawili.

Ukikuta tofauti ndogo kuliko mpaka, usiandike kwamba ziko sawa. Andika kwamba michezo 500 haikutosha kuzitofautisha. Timu ya Stockfish yenyewe, kwenye mfumo wake wa Fishtest, huchezesha makumi ya maelfu ya michezo ili kukubali badiliko la Elo 1 au 2.

Kama pambano linakushinda, muulize muuzaji kabla ya kulipa. Ujumbe wa adabu unatosha: "Ndugu, habari za kazi. Nimevutiwa na programu yenu. Naomba kujua mlicheza na toleo gani la Stockfish, michezo mingapi, ushindi na sare ngapi, muda gani kwa hatua, na Threads na Hash kiasi gani kila upande. Je, msimbo ni wenu au umetokana na injini nyingine, na kama ni hivyo leseni yake ni ipi? Naomba pia faili ya michezo ya PGN." Mwenye dai la kweli ana faili hiyo tayari, na kuituma ni kazi ya dakika moja.

Umeshanunua, na bench imekuonyesha Stockfish? Chini ya GPL una haki ya kupewa msimbo wa toleo ulilouziwa. Andika uuombe, taja jina la bidhaa na toleo lake, ambatisha ulichoona baada ya uci na bench. Nakala ya barua hiyo watumie pia timu ya Stockfish, kwa sababu kazi iliyouzwa bila jina lao ni yao.